Kuku Kumi na Tatu wa Bi Zulekha

Mbeyu alinidanganya siku ya maji mafu, na hapo ndipo alipokosea. Angechagua siku nyingine ningemwamini, maana mimi huamini upesi nikiwa na njaa, na siku hiyo nilikuwa nimerudi kutoka Msambweni sokoni bila kutia kitu tumboni tangu asubuhi. Aliingia uani saa tisa, leso imemganda mwilini, nywele zimeshikana kwa chumvi, akasema, "Shikamoo mama. Nilikuwa kwenye mwani."

Nikaitikia marahaba, nikaendelea kula. Tonge la pili lilikuwa limefika mdomoni nilipokumbuka kwamba mwezi ulikuwa nusu.

Sisi tunaolima mwani hapa Kibuyuni hatuhitaji kalenda. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hukauka mpaka mbali. Hiyo ndiyo bamvua, na hapo ndipo tunaposhuka na kamba zetu kufunga mbegu. Mwezi ukiwa nusu, maji hayajai sana wala hayatoki sana. Hayo ndiyo maji mafu. Yanalala pale pale siku nne, tano, nasi twakaa nyumbani tukisafisha kamba. Siku ile shamba langu la mwani lilikuwa limefunikwa na maji ya kupita kichwa. Na Mbeyu hajui kuogelea. Nilikuwa nimehakikisha hivyo mimi mwenyewe kwa miaka kumi na tatu. Sasa kama kweli alikuwa kwenye mwani, alikuwa amesimama juu ya nini?

Sikumuuliza. Ukimuuliza msichana wa miaka kumi na saba swali moja utapewa jibu moja, na mimi nilitaka yote.

Niseme mapema kwamba Mbeyu ni mtoto wangu wa pekee. Kabla yake nilizaa wawili, na wote niliwazika kabla hawajaota jino. Kwa hiyo yeye alipofikisha miezi mitatu tulimpeleka kanisani kumweka wakfu kwa haraka, tukihofia asije akaondoka kabla ya kutambulishwa. Kanisani kwetu mzazi humnyoosha mtoto kwa mikono miwili, Mchungaji Boga humpokea, na mzazi husema mbele ya watu wote, "Bwana, si wetu tena, ni wako." Mchungaji huomba, kisha humrudisha. Dzombo, mume wangu, hupenda kuwaambia wageni kwamba siku ile mchungaji alivuta mara mbili ndipo nikamwachia. Wageni hucheka na mimi hucheka nao, ingawa ni kweli kabisa.

Alipokuwa na miaka minne nilimpoteza baharini kwa muda wa kufunga kamba moja. Nilikuwa nimemkalisha juu ya fungu la mchanga na kikopo chake, mimi nikainama kufunga mbegu. Ukifunga mwani huinui kichwa. Fundo likibana sana linakata shina, likilegea mbegu inaondoka na maji, basi macho yote huwa kwenye vidole. Nilipokuja kuinuka, maji yalikuwa yamesharudi, fungu la mchanga halionekani, na mtoto haonekani. Nilipiga ukelele. Nikafumba macho nikamwita Mungu, na nilipofumbua nikamwona jirani yangu Bi Zulekha anakuja ndani ya maji ya kifua, Mbeyu yuko begani kwake.

Huo ndio ushuhuda wangu. Kila mwaka nausimulia kanisani, na wenzangu wanaujua mpaka mahali pa kusema amina. Tena kila Krismasi nampelekea Bi Zulekha kuku. Bi Zulekha ni Mwislamu, kwa hiyo humpelekea akiwa hai, miguu imefungwa, ili achinjwe kwao kwa utaratibu wao. Kuku kumi na tatu mpaka mwaka jana. Nao si kuku wa kuokota, nawachagua mimi mwenyewe tangu Oktoba.

Na tangu siku ile niliweka sheria moja nyumbani: Mbeyu maji yasimpite magoti. Abebe mbegu, aanike mwani kwenye chanja, apige hesabu za kikundi chetu cha mwani, lakini magoti ndiyo mpaka.

Ndiyo sababu ile chumvi kwenye nywele ilinikosesha usingizi.

Asubuhi yake, Alhamisi, Mbeyu alipotumwa dukani niliingia chumbani kwake na ufagio. Ufagio ni wa heshima tu. Chini ya godoro nilikuta mfuko wa nailoni, na ndani yake miwani mikubwa ya mpira ile ya kuzamia, na karatasi iliyokunjwa mara nne. Kizungu changu ni cha darasa la nane, lakini kinanitosha. Ilikuwa fomu ya mafunzo ya kupiga mbizi huko Diani, wiki sita, kwa wasichana watakaofanya kazi ya kupanda matumbawe chini ya bahari. Jina la binti yangu limeandikwa vizuri. Umri, miaka kumi na saba. Na kwa sababu hajatimiza kumi na minane, chini palikuwa na mstari wa mzazi kutia sahihi. Mstari ulikuwa mtupu. Pembeni yake, kwa penseli, kulikuwa na mwandiko ninaoujua kuliko wangu: "Kamuulize mama yako kwanza."

Nilimpigia Dzombo pale pale, nimekaa kwenye kitanda cha Mbeyu. Yeye ni fundi wa mabomba katika hoteli moja ya Diani na huja nyumbani Jumamosi jioni.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu lini nini?"

"Usinichezee, Dzombo. Nimeshika karatasi."

Nilisikia maji yakichuruzika mahali. "Tangu Pasaka," alisema. "Alileta nitie sahihi. Nikamwambia siwezi kutia nyuma ya mgongo wako."

"Ukaweza kunyamaza nyuma ya mgongo wangu?"

"Nilimwambia aje kwako."

"Na hakuja!"

"Anakuogopa."

"Ananiogopa mimi kuliko bahari?"

"Ndiyo," alisema Dzombo. "Hata mimi."

Nilikata simu. Hasira ilinipanda mpaka masikioni, na chini ya hasira kulikuwa na hofu ileile ya zamani, sikuwa nimeisahau sura yake. Tena lilikuwa limenijia jambo jingine la kunichekesha kama ningekuwa na moyo wa kucheka. Jumapili hiyo ilikuwa siku ya akina mama kanisani, na Mchungaji Boga alikuwa amenipa mimi somo la kufundisha. Kichwa cha somo kilikuwa kumtumainia Mungu mwenye enzi yote katika malezi ya watoto. Alinichagua kwa ajili ya ushuhuda wangu. Nilikuwa nimeshaandika kurasa mbili.

Nikaamua kwenda kwa Bi Zulekha. Niliwaza hivi: Mbeyu hanisikii mimi, lakini atamsikia aliyemtoa majini. Bi Zulekha akimwambia bahari si ya kuchezea, basi limekwisha.

Nilimkuta kwenye chanja lake nyuma ya nyumba, anageuza mwani ukauke upande wa pili. Ni mkubwa kwangu kwa miaka kumi na mitano, na mikono yake ina kasi kuliko ya wasichana wote wa kikundi.

"Shikamoo, Bi Zulekha."

"Marahaba, Mama Mbeyu. Mwalala salama huko?"

"Salama, lakini mimi sikulala." Nikamweleza yote, chumvi, miwani, fomu, na penseli ya Dzombo. "Nataka uje uzungumze naye. Wewe ndiye uliyemwokoa. Maneno yako yana uzito kwake."

Mikono yake ilipunguza kasi, kisha ikasimama. Jambo hilo lilinishangaza, maana sijawahi kuona mikono ile imesimama mchana.

"Kaa kitako, mwenzangu," alisema.

Nikakaa kwenye ndoo. Yeye alibaki wima, anachambua uchafu ambao haukuwepo kwenye mwani.

"Mimi sikumwokoa mwanao," alisema.

"Nilikuona kwa macho yangu."

"Uliona nimembeba. Hukuona nilivyomkuta." Akavuta pumzi. "Nilisikia ukelele wako, nikageuka. Sikuwa nimemwona kabla, nilikuwa nimeinama nafunga kama wewe. Nikamwona yuko kwenye kamba yako ya mwisho, ile ya machupa. Maji pale yalikuwa yakinifika hapa." Aligusa kifua chake. "Yeye angekuwa ameshazama mara mbili. Lakini mkono mmoja umeshika kamba, machupa yamemwinua, na mkono mwingine anapigapiga maji. Anacheka, Mama Mbeyu. Wallahi anacheka. Nilimchukua tu, kama mtu anayechukua nguo kwenye kamba."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema saa ngapi? Ulinirukia shingoni unalia, unataja jina langu na jina la Mungu kwa pamoja. Jumapili yake nikasikia nimetajwa kanisani kwenu. Krismasi akaja kuku."

"Ungemrudisha!"

"Wa kwanza nilitaka kumrudisha. Lakini nilipopata ujasiri alikuwa ameshachinjwa."

"Na wa pili?"

"Wa pili nikajiambia ni wa ujirani."

"Na wa tatu, Bi Zulekha?"

"Wa tatu nilikuwa nishazoea."

Nilitaka kucheka na nilitaka kumtupia mwani usoni. Kuku kumi na tatu! Yule jogoo mwekundu wa mwaka juzi nililia kumtoa! Lakini sikufanya lolote kati ya hayo, kwa sababu akili yangu ilikuwa imebaki nyuma, kwenye machupa.

Machupa yale niliyafunga mimi. Siku moja kabla, Dzombo alikuwa ameleta gunia zima la chupa tupu za maji kutoka hotelini, eti kuna mtu amemwambia zinafaa kuifanya kamba ielee. Zikanijazia nyumba. Nilitaka kuzichoma. Mwishowe nikazifunga kwenye kamba moja tu, ile ya mwisho, kwa kununa, ili asije akaniuliza ziko wapi. Sikumwomba Mungu nilipokuwa nazifunga. Nilikuwa namsengenya mume wangu.

"Basi nani alimshika?" nilimuuliza Bi Zulekha. Ni swali la kitoto, najua.

"Unaniuliza mimi? Wewe ndiye unayefundisha Jumapili."

Kisha nikamwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu, hata Dzombo. Nilimwambia kwamba wale wawili niliowazika nilikuwa nikiwatazama. Wa pili nilimtazama siku tatu na usiku wake, sikufumba jicho, nilihesabu pumzi zake mpaka ya mwisho. Huyu wa tatu nilimpa kisogo baharini, na ndiye aliyebaki. Sasa mtu afanye hesabu gani hapo? Kama ni macho yangu yanayowaweka hai, mbona yalishindwa kwa wale? Na kama si macho yangu, miaka hii yote nilikuwa nalinda nini?

Bi Zulekha alikuja akakaa kwenye ndoo ya pili. "Ninyi mwasema Mungu akipenda, sisi twasema inshallah," alisema. "Mimi huisema mara thelathini kwa siku. Nikienda kisimani, inshallah. Nikipika, inshallah."

"Je, umewahi kujiuliza asipopenda?"

Aliangalia mikono yake. "Naogopa kujiuliza," alisema.

Nampenda sana kwa jibu lile. Mchungaji angenipa maelezo.

Nilipoinuka kuondoka niliuliza, "Na Krismasi hii?"

"Lete tu," alisema Bi Zulekha. "Sasa atakuwa wa ujirani kweli."

Sikulala vizuri usiku huo pia, lakini haikuwa hofu peke yake. Kuna kitu kilikuwa kinanikereketa, nacho ni ile habari ya kucheka. Mtoto wa miaka minne, maji yamempita kichwa, mama yake haonekani. Alikuwa anacheka nini?

Ijumaa asubuhi nilimwona Mbeyu anatoka na ndoo tupu, nikamfuata nikiwa nimeacha hatua mia moja. Alipita nyuma ya vichaka, akashuka ufukweni mahali ambapo hatulimi. Kulikuwa na mwanamke mmoja anamngoja majini, amevaa suti nyeusi ya mpira tangu shingoni mpaka vifundo vya miguu, na kilemba cheusi kimemshika kichwa vizuri. Nilimtambua. Ni Twaiba, wa kikundi cha wanawake wanaopanda matumbawe. Anaswali sala tano na kuzama mita kumi na tano chini, na watu wa huku wameacha kushangaa.

Mbeyu aliweka ndoo, akatoa miwani, akaingia majini. Magoti yalipita. Kiuno kikapita. Mimi niliyekuwa nimejificha nyuma ya kichaka nilisahau kwamba nimejificha, nikajikuta nimesimama kwenye mchanga mweupe mchana kweupe. Kifua. Shingo. Kisha kichwa kikaingia, miguu ikaonekana mara moja, na bahari ikafunga.

Nilianza kuhesabu. Nilipofika thelathini nilikuwa nimeingia majini na viatu. Nilipofika arobaini na mbili, kichwa kilitokea mbali na pale kilipozamia, nao wakacheka, yeye na Twaiba, kisha Mbeyu akaniona.

Alivua miwani.

"Shikamoo mama," alisema.

"Tangu lini unajua kuogelea?"

"Tangu kidato cha pili."

"Nani alikufundisha?"

"Mimi," alisema Twaiba. "Unisamehe, Mama Mbeyu. Aliniambia unajua."

"Twaiba, wewe nitakurudia baadaye." Nikamgeukia binti yangu. Maneno niliyokuwa nimeyaandaa yalikuwa mengi, na yote yalikuwa makali. Lililotoka ni jingine kabisa. "Siku ile ulipokuwa mdogo, ulipochukuliwa na maji. Unakumbuka?"

Alishangaa. Alitegemea kofi, akapewa swali. "Nakumbuka kidogo."

"Bi Zulekha anasema ulikuwa unacheka. Ulikuwa unacheka nini?"

Mbeyu alifuta maji usoni, akanitazama akipima kama ni mtego. "Samaki," alisema. "Nilikuwa nimeshika kamba, nikatia uso majini, nikaona samaki wadogo wa manjano wanakula kwenye mwani wako. Wengi. Nilikuwa nakuita uje uone. Kila siku nilitaka kurudi niwaone tena, lakini wewe ulisema magoti."

Miaka kumi na tatu nilikuwa nawaza kwamba alipiga kelele za kuomba msaada na sikumsikia. Nilikuwa naota kelele hizo. Kumbe alikuwa ananiita nikatazame samaki.

Nililia, sitaficha. Nililia nimesimama ndani ya maji na viatu vyangu vya sokoni, na Mbeyu alikuja akanishika, amelowa, ana chumvi, ni mrefu kunishinda. Twaiba alijifanya anatafuta kitu mchangani.

Kisha nikaanza kuuliza maswali. Ukizama masikio hayaumi? Ukitaka kukohoa huko chini unakohoaje? Tumbawe linapandwaje, lina mizizi? Samaki hawaogopi? Nani anakaa juu kwenye boti? Mtungi wa hewa ukiisha? Twaiba alijibu yote kwa upole, na alipochoka alinivalisha miwani. "Inama tu," alisema. "Miguu iache chini."

Niliinama. Nimelima mwani miaka kumi na mitano na sikuwahi kutia uso majini. Kwanza sikuona kitu kwa sababu nilikuwa nimefumba macho. Nilipofumbua niliona vidole vyangu vya miguu ndani ya viatu vilivyoharibika, mchanga, nyasi za baharini zinalala upande mmoja, na mdudu fulani anaburuta nyumba yake bila kunijali. Nilikaa mpaka pumzi ikaniishia. Nikainuka, nikavuta hewa, nikainama tena.

Jumapili niliacha zile kurasa mbili nyumbani. Nilisimama mbele ya akina mama nikawaambia ushuhuda wangu una makosa. Nikawasimulia habari za machupa, za kununa kwangu, za kuku kumi na tatu. Walicheka sana, kisha wakanyamaza nilipowataja wale wawili. Niliwaambia kwamba sijui kwa nini wale na si huyu. Nikawaambia kwamba Mungu mwenye enzi maana yake hakunishauri, wala siku ya kuchukua wala siku ya kubakiza, na kwamba bado nina maneno naye. Lakini nikiwa na maneno naye najua walau nazungumza na nani. Hakuna aliyesema amina, kwa sababu hapakuwa mahali pake. Mwishoni Mchungaji Boga alisimama, akaomba kwa ufupi kuliko siku zote, akakaa.

Mchana ule, Dzombo akiwa ametulia mkekani akijifanya amelala, nilimwita Mbeyu alete fomu. Nilitia sahihi. Jina langu liliteremka kwenye mstari, na Dzombo akafumbua jicho moja.

"Na wewe," nilimwambia, "kuna hesabu zako za tangu Pasaka." Akalifumba tena.

Sasa nifike siku yenyewe. Ilikuwa wiki mbili baadaye, maji mafu mengine, maana wapiga mbizi hupenda wakati ambao bahari haina nguvu. Wakufunzi wa Diani walikuwa wamekuja kwetu na mitungi yao, maana matumbawe ya kupandwa yako huku, na boti ya injini ya kikundi cha Twaiba ilikuwa imefungwa ufukweni kwetu, tayari kuwapeleka wasichana sita nje ya mwamba. Ilikuwa mara yao ya kwanza kushuka kwenye kina. Nilikwenda kumsindikiza. Nilikuwa nimepika mihogo ya nazi, nikampa, nikamrekebishia kamba za suti zisizohitaji kurekebishwa, nikamuuliza Twaiba mambo aliyokwisha kunijibu. Nilikuwa mtulivu. Bi Zulekha, aliyekuja akidai anatafuta kamba zake, aliniambia hata yeye ameshangaa jinsi nilivyo mtulivu.

Wasichana walipanda. Mbeyu alikaa mbele, miwani ameiweka juu ya paji la uso, na alikuwa na uso uleule wa kikopo na mchanga. Mchungaji Boga alikuwa ameahidi kuja kuwaombea, lakini alikuwa na mazishi Lunga Lunga, basi nikaomba mimi. Niliomba maneno machache. Nilisema Bwana, ni wako. Sikuongeza neno, maana nilishasema maneno hayo mara moja miaka mingi iliyopita na nilitaka kuona kama safari hii yatatoka.

Twaiba akawasha injini. Maji yakachemka nyuma ya boti, boti ikajisogeza kidogo, ikakataa. Akaongeza moto. Ikatikisika, ikakataa tena. Wasichana wakaanza kuangaliana. Twaiba alizima, akatazama nyuma kwenye injini, akatazama chini kama wamepanda mchanga, kisha akatazama kwangu.

"Mama Mbeyu," aliniita kwa upole. "Kamba."

Nilitazama mkono wangu. Sijui niliishika saa ngapi. Nilikuwa nimezungusha kamba ya boti mara mbili kwenye kiganja, nimeikaza mpaka vidole vimekuwa vyeupe, na visigino vyangu vilikuwa vimezama mchangani kwa kuvuta. Ufukwe mzima ulikuwa unanitazama. Hakuna aliyecheka, hata Bi Zulekha.

"Mnarudi saa ngapi?" nikapaza sauti.

"Saa nane, mama," alisema Mbeyu. "Mungu akipenda."

Aliyasema upesi, kama tunavyoyasema wote, huku anavuta miwani iteremke machoni. Lakini mimi niliyasikia yote, la kwanza mpaka la mwisho, na lile ambalo halikusemwa. Nilizungusha mkono mara moja, nikazungusha mara ya pili.

Nikaiachia. Bi Zulekha alikuja akasimama karibu yangu, bega kwa bega, nasi tukaitazama boti ikitoka. Ilikuwa saa nne na robo.